GHOROFA ZINAPANDA, VYOO VIMEBAKI PALE PALE
Hofu ya wapangaji wa Busia na Tororo

Wafanyakazi wa Busia na Tororo hawana ugomvi na ghorofa. Tunaanza na neno hili kwa sababu kila mara mpangaji anapouliza swali juu ya jumba linalotaka kujengwa mtaani kwake, huambiwa kwamba anapinga maendeleo. Hapingi. Anauliza maji yatatoka wapi, choo kitamwagwa wapi, kodi itakuwa kiasi gani, na yeye mwenyewe atakuwa wapi siku jumba hilo litakapofunguliwa. Maswali hayo manne ni ya haki, na ni nadra kujibiwa kabla msingi haujachimbwa.

Kwa msomaji asiyeijua sehemu hii ya mpaka, yafaa tueleze kidogo. Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Upande wa mashariki ni makao makuu ya Kaunti ya Busia, nchini Kenya. Upande wa magharibi ni Busia ya Uganda, makao makuu ya wilaya iliyokatwa kutoka Tororo mwaka 1997. Wako watu wanaofanya kazi upande mmoja na kulala upande wa pili, na mtoto wa miaka kumi hapa hujua kugeuza shilingi ya Kenya kuwa ya Uganda kichwani kuliko karani wa benki wa mji mwingine. Hapa ndipo jina la boda boda lilipopata umaarufu, zama zile baiskeli zilipokuwa zikivusha abiria na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka. Tororo iko kaskazini, chini ya mwamba wake unaoonekana kutoka mbali. Ni mji wa reli na saruji. Reli kutoka Nakuru ilifika huko mwishoni mwa miaka ya 1920, tawi la kwenda Soroti likaanzia hapo hapo, na kiwanda cha saruji kikafuata katika miaka ya 1950.

Miji hii imekua haraka. Sensa ya Uganda ya mwaka 1991 ilihesabu watu wapatao 28,000 katika mji wa Busia. Ile ya mwaka 2014 ilikuta zaidi ya 50,000. Tororo katika muda huo huo ilitoka chini ya 27,000 ikapita 40,000. Mwezi wa Februari 2018 Marais wa nchi mbili, Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, walifungua rasmi kituo cha pamoja cha forodha pale Busia, ambapo msafiri na lori hukaguliwa mara moja tu badala ya mara mbili. Mwezi wa Oktoba 2024 Serikali ya Uganda ilitia sahihi mkataba wa kujenga reli mpya ya kilometa 272 kutoka Malaba, jirani kabisa na Tororo, hadi Kampala. Kila shughuli ya namna hii huleta watu kabla haijaleta nyumba. Huleta mawakala wa forodha na makarani wao, madereva wanaosubiri karatasi, utingo, walinzi, wapishi, wapakuzi wa mizigo, wauza nyanya na samaki, na vibarua wa mjengo. Wote hao jioni wanatafuta mahali pa kuweka kichwa.

CHUMBA CHA FUTI KUMI KWA KUMI

Mahali penyewe mara nyingi ni chumba kimoja. Upande wa Kenya wanakiita singo. Upande wa Uganda wanakiita muzigo, neno ambalo kwa masikio ya Kiswahili ni kitu cha kubebwa kichwani, na wanaolipa kodi ya mwezi watakubali kwamba halikukosewa sana. Ni safu ya vyumba vinavyotazamana, ua mwembamba katikati, kamba za nguo juu, choo cha shimo na bafu mwishoni. Futi kumi kwa kumi. Pazia hugawa chumba mara mbili: mbele ni sebule na jiko, nyuma ni kitanda, na usiku watoto hulala pale palipokuwa sebule.

Chumba hiki hakikutokana na desturi zetu. Ni urithi wa mwajiri wa kikoloni. Kampuni za reli, halmashauri za miji na wenye mashamba walijenga landhi za vyumba vidogo kwa kuwa walimhesabu Mwafrika kuwa kapera wa kudumu, mtu aliyekuja mjini kwa muda na mwenye mke aliyebaki shamba akimlishia watoto. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter huko Kenya ilikiri kwamba mishahara ya Waafrika ilikuwa imepimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na familia, ikapendekeza ipimwe upya. Miaka saba kabla yake, wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wamekwisha kusema jambo hilo hilo kwa mgomo mkuu wa mwaka 1947, na gharama ya makazi ilikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Kapera yule wa kwenye vitabu hayuko tena. Chumba chake kipo, na ndani yake wanaishi watu wanne, watano.

Kwa hiyo mtu anapotuonya kwamba ghorofa zitaleta msongamano, tunamshukuru, lakini msongamano tunao tayari. Tofauti ni kwamba wa kwetu umelala chini, na ule unaokuja unasimama.

HESABU YA PLOTI MOJA

Tuchukue mfano ambao kila mmoja anaweza kuupima kwa hatua zake. Ploti ya kawaida pande zote mbili za mpaka ni futi 50 kwa 100, karibu sehemu ya nane ya ekari. Tuseme ina vyumba kumi, na kila chumba watu wanne. Hao ni watu 40. Sasa mwenye ploti abomoe, ajenge jumba la ghorofa nne lenye vyumba kumi kila ghorofa. Watu ni 160, juu ya ardhi ile ile, kando ya barabara ile ile, na karibu na bomba lile lile.

Mtu mmoja akitumia lita 20 tu kwa siku, yaani mtungi mmoja wa manjano kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua (na huyo anajibana sana), jumba hilo linataka lita 3,200. Ni mitungi 160 kila siku. Ikiwa maji ya bomba hayana nguvu ya kupanda, nani atapandisha mitungi hiyo hadi ghorofa ya nne? Wake zetu na watoto wetu, kwa ngazi moja, asubuhi kabla ya shule. Na hayo ni maji safi. Yakishatumika hayapotei. Ni lazima yashuke na kwenda mahali.

Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Sehemu kubwa ya vyumba vya kupanga katika miji hii hutegemea choo cha shimo. Shimo la watu 40 hujaa. Likijaa mwenye ploti huchimba jingine kando, kwa sababu nafasi ya ua ipo. Ghorofa humaliza ua. Jumba la watu 160 linahitaji tangi kubwa la maji machafu na ardhi ya kuyanyonya, au bomba la mji la kuyachukua. Tangi likiwa dogo, gari la kunyonya huitwa kila mara, na gari hilo lina bei. Mwenye nyumba asipotaka kulipa, husubiri mvua kubwa ya usiku, akafungua mfuniko, na uchafu ukaenda na mkondo. Msomaji aliyekaa bondeni anajua tunachosema. Mvua ya Busia haiulizi kitambulisho, na kinachofunguliwa nchi moja huweza kuamkia mlangoni mwa jirani wa nchi nyingine. Visima vifupi ambavyo watu hukimbilia siku bomba linapokauka ndivyo hupokea uchafu huo wa kwanza, na baada yake hufuata homa ya matumbo na kipindupindu.

Liko na suala la uimara. Usiku wa Aprili 29, 2016, jumba la ghorofa sita lililojaa vyumba vya kupanga liliporomoka mtaa wa Huruma, Nairobi, wakati wa mvua kubwa, likaua watu karibu 50. Lilikuwa karibu na mto, na lilikuwa limekwisha kuwekewa alama ya kubomolewa. Waliolala ndani yake walikuwa wafanyakazi kama sisi, waliokwenda pale kwa kuwa kodi iliwezekana. Alama ukutani haikuwahamisha, maana hawakuwa na pa kwenda kwa bei ile.

MWENYE NYUMBA NI MWENZETU

Ingekuwa rahisi kuandika ukurasa huu kwa kumlaani mwenye nyumba. Magazeti ya vyama yamefanya hivyo mara nyingi, na wako wenye nyumba waliostahili. Lakini katika miji ya mpakani, ukiuliza ploti hii ni ya nani, jibu mara nyingi ni mwalimu aliyestaafu, au muuguzi, au mtu wa reli, au mjane wa askari. Alipopewa kiinua mgongo chake hakukipeleka kwenye soko la hisa. Alinunua matofali na mabati. Vyumba kumi ndiyo pensheni yake ya kweli, maana ile nyingine huchelewa na bei za vitu hazichelewi. Leo anapoambiwa kwamba juu ya ploti ile ile zinaweza kukaa familia arobaini badala ya kumi, macho humfunguka, na sisi tungekuwa yeye yangetufunguka vile vile.

Kwa hiyo chama kina watu pande zote mbili za mlango. Jambo hili halipendezi kusemwa mkutanoni, lakini lisiposemwa tutaendelea kupiga makofi tu na kurudi nyumbani.

Mfano mkubwa wa mkanganyiko huu uko Nairobi, mtaa wa Muthurwa, landhi za zamani za reli. Shirika la Reli la Kenya lilipojiandaa kumkabidhi mwendeshaji wa binafsi kazi ya reli mwaka 2006, majumba na viwanja vyake vingi viliwekwa chini ya mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wake, ili vipatikane fedha za kuwalipa wastaafu. Mfuko ukataka kuendeleza ardhi ile ya thamani katikati ya jiji. Wapangaji, ambao miongoni mwao walikuwamo watu wa reli wenyewe na familia zao, walitakiwa kuondoka. Mwaka 2010 ubomoaji ulianza, maji yakakatwa, vyoo na mabafu vikavunjwa watu wangali ndani. Walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2013 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba haki yao ya makazi ya kufaa na usafi, iliyomo katika Katiba ya mwaka 2010, ilikuwa imevunjwa.

Tazama basi: pesheni ya mfanyakazi mzee inatafutwa kwa kumtoa nje mfanyakazi mwingine, na wote wawili waliwahi kuvaa sare moja. Hatusemi mfuko haukuwa na haja. Wastaafu wale walikuwa na njaa ya kweli. Tunasema kwamba hesabu ilifanywa kwa ardhi na fedha, na watu wakaachwa waingie katika hesabu kwa mlango wa mahakama.

Uganda nayo ina Naguru na Nakawa. Mitaa hiyo ya Kampala ilijengwa kuelekea mwisho wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa kipato kidogo. Mwaka 2007 Serikali iliingia mkataba na mwekezaji wa kigeni ajenge mji mdogo wa kisasa wenye nyumba kama 5,000, na ikaahidiwa kwamba wapangaji waliokuwapo, familia 1,747, wangepata nyumba humo. Mwaka 2011 walihamishwa na nyumba zao zikavunjwa. Mwaka 2013 Rais aliweka jiwe la msingi. Nyumba elfu tano hazikupatikana. Miaka ikapita, nyasi zikaota, kisha ardhi ikaanza kugawiwa wengine, na mwaka 2022 Bunge lilikuwa lingali likichunguza nani kapewa nini. Mtoto aliyehamishwa Nakawa akiwa darasa la kwanza alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima.

Tumeitaja mitaa hii ya miji mikuu kwa sababu Busia na Tororo zinayo bahati ya kuchelewa. Katika Tororo bado kuna nyumba za zamani za reli na za viwanda, zenye ua mpana na miti ya maembe, zilizokaa karibu na stesheni na karibu na mji. Ardhi ya namna hiyo haiwezi kukaa bila kutamaniwa. Siku mtu atakapokuja na ramani ya rangi yenye majumba na miti midogo ya duara, mpangaji wa Tororo aulize kwanza wale 1,747 walionyeshwa ramani gani.

ASILIMIA MOJA NA NUSU

Upande wa Kenya swali lina makali zaidi, kwa sababu mfanyakazi anachangia ujenzi kutoka katika bahasha yake. Makato ya nyumba yaliingizwa kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Mwezi wa Novemba mwaka huo Mahakama Kuu iliyatangua kuwa kinyume cha Katiba. Bunge likarudi na Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu, iliyotiwa sahihi mwezi wa Machi 2024, na makato yakarejea: asilimia 1.5 kwa mfanyakazi, na mwajiri naye huongeza kiasi hicho hicho. Mwalimu wa mshahara wa Shilingi 30,000 hukatwa Shilingi 450 kila mwezi. Sheria hiyo iliwafikia pia wale wasio na mshahara wa mwezi.

Vyama vya wafanyakazi havikuwa na sauti moja juu ya makato haya, na hatutafufua mabishano hayo hapa. Lakini wote tukubaliane jambo moja. Aliyelipa ana haki ya kuuliza nyumba itajengwa wapi, kwa ukubwa gani, na kwa ajili ya nani.

Sheria yenyewe huita nyumba za kijamii zile za watu wenye kipato kisichofika Shilingi 20,000 kwa mwezi. Mwezi wa Mei 2025 nyumba 1,080 za mradi wa Mukuru, Nairobi, zilifunguliwa, na bei iliyotangazwa kwa chumba kimoja ni Shilingi 3,900 kwa mwezi, mpaka mkaaji amalize kulipa na nyumba iwe yake. Kwa mtu wa mshahara wa hakika, hilo ni jambo jema na hatuoni aibu kulisifu. Lakini kibarua wa kupakua malori pale mpakani anayepata tuseme Shilingi 8,000 katika mwezi mzuri, 3,900 ni karibu nusu. Na mwezi mbaya upo. Foleni ya malori ikisimama, kama ilivyosimama mwaka 2020 madereva walipokuwa wakipimwa ugonjwa wa korona, kipato chake husimama nayo, ila tarehe ya kulipa haisimami. Mwenye nyumba wa singo, pamoja na ubaya wake wote, unaweza kumpigia goti hadi Jumamosi. Mfuko wa Serikali hatujui tutaupigia goti mlango gani.

Uganda hakuna makato ya aina hii. Lakini pia hakuna kima cha chini cha mshahara kinachostahili jina hilo. Kile cha Shilingi 6,000 za Uganda kwa mwezi kiliwekwa mwaka 1984. Bunge lilipitisha mswada wa kuweka utaratibu mpya mwaka 2019, na Rais akakataa kuutia sahihi. Mtu wa namna hiyo akijengewa ghorofa nzuri kando ya stesheni ya Tororo, atapita chini yake akienda kazini.

VUMBI LA MABATI YA ZAMANI

Tuongeze jambo ambalo wapangaji hawalitaji sana ila sisi wa chama yatupasa kulitaja. Tororo ilikuwa na kiwanda cha kutengeneza mabati na mabomba ya asbesto kwa kuchanganya saruji na nyuzi za asbesto. Mabati hayo ya kijivu, yaliyosifiwa zamani kwa kuwa hayashiki kutu wala kupiga kelele za mvua, yalitumika sana katika Afrika Mashariki juu ya nyumba za wafanyakazi, shule na maghala. Yakikaa yametulia, hatari yake ni ndogo. Yakivunjwa kwa nyundo, nyuzi zake ambazo jicho halizioni huruka na kuingia mapafuni, na kansa zake huchukua miaka 20, hata 40, kujitokeza.

Sasa nani atavunja nyumba za zamani ili ghorofa zipande? Kibarua wa siku, bila kitambaa puani, kwa malipo ya jioni. Vipande vitakavyobaki vitachukuliwa na jirani kuzibia banda la kuku. Kila mradi wa kubomoa nyumba za zamani katika miji hii lazima uanze kwa kukagua paa, na yakipatikana mabati hayo yalowanishwe, yatolewe mazima, yazikwe mahali palipotengwa, na watu waliovalishwa vya kujikinga ndio waifanye kazi hiyo. Haya si madai ya anasa. Mtu akiugua mwaka 2060 hatamkumbuka mkandarasi, wala mkandarasi hatakuwapo.

SHERIA ZIPO

Mpangaji wa Uganda anayo Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022. Inamkataza mwenye nyumba kupandisha kodi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Mpangaji wa Kenya anayo Sheria ya Udhibiti wa Kodi, ya tangu mwaka 1959, inayowalinda wapangaji ambao kodi yao haipiti Shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kimekaa hapo hapo bei zikipanda, na chumba cha Shilingi 2,501 tayari kiko nje ya ulinzi. Tungeomba vyama vya Kenya viache kidogo kugombania viti na kuligombania hili.

Mwajiri wa Kenya naye asisahauliwe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inamtaka ampe mfanyakazi makazi ya kufaa au fedha za kutosha kulipia makazi hayo. Neno ni "za kutosha". Katika mikataba mingi neno hilo limegeuka kuwa kiasi cha mwaka juzi kilichoongezwa kidogo. Mazungumzo yajayo ya mkataba wa pamoja yaanze na risiti za kodi za wanachama wenyewe, zikusanywe tawi kwa tawi, mwajiri awekewe mezani.

Na kuhusu ujenzi, Sheria ya Kenya ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayeomba ruhusa ya kujenga autangazie umma, na tangazo libandikwe mahali penye ploti. Uganda, tangu Sheria ya Mipango ya mwaka 2010, nchi nzima ni eneo la mipango, na hakuna mji unaoweza kusema haukuhusika. Mamlaka za mazingira za nchi zote mbili zinaitwa NEMA, kwa hiyo angalau jina halihitaji kugongwa muhuri pale forodhani. Kinachotakiwa ni wahandisi wa Busia hii na Busia ile kukaa meza moja juu ya mifereji na maji machafu, kama maofisa wa forodha walivyokwisha kuwekwa katika jengo moja tangu mwaka 2018. Ikiwa lori la ngano linaweza kushughulikiwa na nchi mbili chini ya paa moja, hata tangi la choo linaweza.

Kwa matawi yetu ya mpakani tunashauri hivi. Kabla ya kuunga mkono au kupinga jumba lolote, tawi lidai kwa maandishi idadi ya watu watakaokaa, lita za maji zilizokubaliwa na mamlaka ya maji, na mahali maji machafu yatakapokwenda. Pale penye wapangaji wa zamani, majina yao yaandikwe, na haki ya kurudi pamoja na kodi ya miaka ya kwanza iingie ndani ya mkataba wa mjenzi, isibaki katika hotuba ya siku ya jiwe la msingi. Bomba lianze, ghorofa ifuate. Mwenye ploti aliye mstaafu asaidiwe na chama chake cha akiba na mikopo kujenga tangi kwanza, maana mara nyingi anayemwaga usiku ni yule aliyekopa hadi akakosa fedha za shimo.

Na tangazo la ujenzi, ambalo sasa hubandikwa ndani ya uzio wa mabati mahali ambapo ng'ombe tu ndio wangelisoma, litolewe nje barabarani, kwa Kiswahili, na upande wa Tororo na Busia ya Uganda liandikwe pia kwa lugha za wenyeji. Kikao cha kusikiliza maoni kiitwe Jumapili mchana. Kikiitwa Jumanne saa nne asubuhi, sisi tuko kazini.